Dalali katoa laki nne kwa cherehani mbovu ya bibi. Kuna nini ndani ya hizi Singer za zamani?

BintiMikanjuni (#1)
Habari wakuu.

Bibi yangu aliacha cherehani ya Singer, nyeusi, ya miguu. Alishonea watu hapa Tanga tangu kabla mama yangu hajazaliwa: kanzu, sare za shule, foronya, na ikikaribia sikukuu alikuwa anapinda kanga za mtaa mzima mpaka saa sita usiku. Alipofariki mwaka 2011 tuliifunika kwa shuka, tukaweka televisheni juu yake. Hatujaigusa tena.

Wiki iliyopita kapita dalali na pikipiki, anauliza nyumba kwa nyumba: "Cherehani nyeusi ya zamani, hata kama mbovu." Kaiona yetu, kapiga picha, kaenda pembeni kupiga simu, karudi na laki nne. Kaka yangu anasema tuuze leo hii kabla mtu hajabadili mawazo. Mimi roho inakataa. Na swali linanisumbua: mtu anayetoa laki nne kwa chuma kisichozunguka anajua nini ambacho sisi hatujui?

Maelezo yake: chini upande wa kulia kuna namba inayoanza na herufi Y. Gurudumu la pembeni limekwama kabisa. Meza imeliwa na mchwa kona moja, miguu ya chuma ni mizima. Nakshi za dhahabu zimefutika ukingo wa mbele tu, pale nguo ilipokuwa inapita. Wajuzi nisaidieni.

Chumbageni_Damu (#2)
Usiuze kwanza. Nimeweka kambi hapa.

KimyaKimya (#3)
Dada, hiyo ni zebaki nyekundu, kile kitu cha siri kinachosemwa kina bei kubwa. Cherehani za Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani, kwenye ile sehemu ya sindano. Kipimo chake ni simu: ukiisogeza karibu na mtandao ukakatika, basi ipo. Dalali alipokwenda "pembeni kupiga simu" ulimwona alikuwa anafanya nini hasa? Laki nne ni matusi. Watu wanazungumzia mamilioni.

MswahiliWaMuscat (#4)
@KimyaKimya hiyo habari naijua ilivyoanza kutusumbua huku Ghuba. Aprili 2009 ilizuka Saudi Arabia, watu wakawa wanauziana Singer kuukuu kwa bei za kutisha, zilitajwa hadi riyali 200,000 kwa moja. Na kipimo kilikuwa hicho hicho cha simu. Polisi wakaanza kuchunguza kama utapeli. Zebaki haikuonekana, kwa sababu haimo. Sindano ni ya chuma, kichwa ni chuma cha kusubu, na hakuna sehemu kwenye cherehani inayohitaji zebaki ya rangi yoyote.

Hapa Muscat jirani yangu aliipasua ya mama yake kwa nyundo akitafuta. Alipata mafuta yaliyoganda na pini mbili. Mama yake alilia mbele yetu.

KimyaKimya (#5)
Sawa, mkuu, lakini kama hakuna kitu, mbona miaka yote hii bado wanazitafuta? Moshi hauji bure.

Mpaka_Lungalunga (#6)
Nikujibu @KimyaKimya, maana haya yalimkuta mjomba wangu. Anakuja dalali wa kwanza, anatangaza kwamba kuna tajiri anatafuta cherehani ya namna fulani kwa bei ya ajabu, anaacha namba ya simu. Baada ya wiki anatokea wa pili "mwenye shida", anayo ile ile, anakuuzia kwa nusu ya ile bei. Unanunua haraka ukimpigia wa kwanza. Simu haipatikani. Mjomba bado anayo sebuleni mpaka leo, na shamba alilouza hana.

Kwa hiyo @BintiMikanjuni, usiuze, na wala usinunue nyingine.

NyuziZaLeicester (#7)
Mimi naleta maelezo mengine kabisa. Huku Uingereza kuna maduka ya nguo ya AllSaints, ukipita nje unakuta vioo vimejaa Singer nyeusi kuanzia chini hadi juu, safu kwa safu, mapambo matupu. Kampuni moja tu ilikusanya maelfu. Ongeza na mikahawa inayotaka ile miguu ya chuma iwe miguu ya meza. Nadhani dalali wako ana mwenye hoteli, Zanzibar au Nairobi, anayetaka sura ya kizamani. Ndiyo maana amesema hata mbovu anachukua. Angekuwa fundi angeuliza kama inashona.

Ila uzee peke yake hauipi bei. Kiwanda cha Singer cha Kilbowie, mji wa Clydebank, Scotland, mwaka 1913 kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja. Kwenye minada ya huku za mkono hutolewa kwa bei ya chakula cha mchana.

FundiBobini (#8)
Nipo kazini ila uzi huu umenivuta. Miaka 26 nashona na kutengeneza cherehani, Kariakoo.

@BintiMikanjuni herufi Y ni Clydebank, za miaka ya 1920 mpaka katikati ya miaka ya 1930. Zikianza na F, ni kama 1910 hadi mwanzoni mwa 1920, kiwanda hicho hicho. Zenye G ni za Marekani, Elizabeth, New Jersey. Ila kumbuka ule mwaka ni wa kutoa fungu la namba kiwandani. Kichwa chenyewe kinaweza kuwa kilikaa ghalani, kikapanda meli, kikauzwa miaka kadhaa baadaye.

Swali: bobini yake, ile inayobeba uzi wa chini, ni ya duara inayoingia kwenye kesi upande wa kushoto, au ni ndefu nyembamba inayokaa ndani ya kidude mfano wa risasi?

BabaSwabra (#9)
Yangu mimi ni kongwe kuliko zote humu. Kibati cha mbele kimeandikwa 1851. Ina zaidi ya miaka 170. Nipewe bei.

FundiBobini (#10)
@BabaSwabra soma tena hicho kibati. Kina ukingo wa buluu? Kimeandikwa 1851-1951?

BabaSwabra (#11)
Ndiyo, kuna na 1951 pia.

FundiBobini (#12)
Hicho ni kibati cha kuadhimisha miaka 100 ya kampuni. Isaac Singer alipata hati miliki 1851, na ilipofika 1951 wakagonga kibati hicho kwenye cherehani mpya. Yako ni ya miaka hiyo ya 1951. Bado ni nzuri sana, itunze.

Chumbageni_Damu (#13)
Baba Swabra kapunguziwa miaka 100 mchana kweupe 😂 Pole, mzee wetu.

BabaSwabra (#14)
Nimepokea. Lakini sehemu ndogondogo zimeandikwa SIMANCO. Kwa hiyo ni feki?

NyuziZaLeicester (#15)
Hapana, mzee. SIMANCO ni kifupi cha Singer Manufacturing Company. Ukiiona kwenye skrubu na mguu wa kukandamizia nguo, shukuru, ina maana vipuri ni vyake vyenyewe.

BintiMikanjuni (#16)
@FundiBobini bobini ni ya duara, inaingia kushoto. Ahsante sana kwa ule mwaka. Nilimwambia mama akanyamaza kidogo, akasema basi bibi aliinunua mkononi kwa mtu, maana 1935 yeye bibi mwenyewe alikuwa mtoto. Hilo hatukulijua.

Je, inaweza kufufuka?

FundiBobini (#17)
Ya duara ya kushoto ni 15K. K ni ya Kilbowie. Hiyo ndiyo mama wa cherehani karibu zote nyeusi unazoziona barazani, hata Butterfly ya Shanghai wameifuata hiyo hiyo. Bobini, kesi na sindano utapata duka lolote la vifaa vya ushonaji. Sindano omba za kawaida za nyumbani, namba 14 kwa kanga, 16 au 18 kwa jinzi.

Kukwama kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda au uzi ulionasa. Fanya hivi bila haraka. Toa kibati cha chini ya sindano, utaona meno yanayovuta nguo. Chini ya meno kuna vumbi la nyuzi lililoshikamana, lichokonoe kwa kijiti, usitumie kisu. Kisha tone la mafuta ya taa kila tundu na kila chuma kinaposugua chuma. Acha mpaka kesho. Kesho tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo, usilitie nguvu. Likilegea, futa mafuta ya taa yote, weka mafuta ya cherehani.

Na mniahidi, nyote humu: MSITIE MAFUTA YA NAZI wala ya kupikia. Nusu ya cherehani "mbovu" ninazoletewa zimeuliwa jikoni. Mafuta ya nazi yanaganda asubuhi ya baridi, ya kupikia yanageuka gundi. Na msifute nakshi kwa spiriti. Rangi ile imepakwa sheleki (aina ya vanishi) juu yake, spiriti inaiyeyusha, dhahabu yote inaondoka na kitambaa.

Mwana_wa_Bukavu (#18)
Sisi huku Kongo tunasema mashini ya kushona. Hilo neno cherehani mlilitoa wapi?

MswahiliWaMuscat (#19)
Uajemi. Wao wanaita charkh-e khayyati, na charkh ni gurudumu. Neno limepita baharini kama lilivyopita la serikali na bandari.

Kampala_Kisenyi (#20)
Na Waganda wakalichukua kwenu wakalifanya ekyalaani. Nilidhani ni neno la Kiganda la asili mpaka nilipojifunza Kiswahili.

MwalimuMstaafu (#21)
Kwa kuwa tumefika kwenye lugha, humu wote mnasema "cherehani hii, cherehani yangu". Shuleni tulifundisha cherehani kimoja, vyerehani viwili. Cherehani hiki.

Mpaka_Lungalunga (#22)
Mwalimu, hata Waziri mmoja wa Viwanda aliwahi kusema vyerehani vinne ni kiwanda tayari. Tuendelee.

KisiginoShapu (#23)
Mimi ni fundi viatu Mwanza. Mnazungumzia za nguo, ila madalali huku wanatafuta zaidi ile ya viatu, 29K, yenye mkono mrefu mwembamba. Nawaambia kwa nini mimi siuzi. Haina meno chini. Mguu wake wenyewe ndio unaovuta ngozi, na unauzungusha upande wowote unaotaka. Kwa hiyo naingiza kiatu kizima au mkoba, nashona kwenda mbele, nikifika kona nageuza mguu, kiatu hakigeuki. Mpya za kuiga zipo, nimejaribu mbili. Zinaruka mshono kwenye soli ya mkunjo.

Kwa hiyo maelezo ya hoteli ya @NyuziZaLeicester kwangu hayatoshi. Aliyekuja kwangu alileta kipande cha ngozi akaijaribu. Alitaka kufanyia kazi.

NyuziZaLeicester (#24)
@KisiginoShapu hilo silipingi, 29K hata huku bei yake iko juu, watengeneza mabegi wanazigombania. Ila wa Tanga hakujaribu chochote.

MzeeWaChakavu (#25)
Mnaenda mbali. Mimi nanunua chuma chakavu. Kichwa, meza ya chuma na miguu ni kilo nyingi za chuma cha kusubu. Wapo wanaonunua kwa sura kisha wakauza kwa kilo. Lakini kwa laki nne hapana, kilo hazifiki huko hata nikilalia mizani. Huyo ana mteja wa kitu kizima.

Ushungi_na_Uzi (#26)
Nami niseme langu. Nina Juki ya umeme, inakimbia kwelikweli, mishono 5,500 kwa dakika ikiachiwa. Na nina 15K ya miguu ya marehemu shangazi. Umeme ukikatika, na mnaujua umeme wetu, wasichana wangu wawili wanagombania ya miguu. Ila haina zigizaga, hairudi nyuma, na nguo ya kuvutika inakataa. Anayewaambia ya zamani inashinda mpya kwa kila kitu hajawahi kushona tisheti.

Chumbageni_Damu (#27)
Lakini mbona za zamani hazifi? Ya nyumbani kwetu ya plastiki ilikufa mwaka wa pili.

FundiBobini (#28)
Chuma. Gia za zamani ni chuma kwa chuma, na zina matundu ya mafuta kila mahali. Plastiki ikipasuka jino moja, umemaliza.

Ushungi_na_Uzi (#29)
Mimi nadhani ni kwa sababu inafanya kazi moja tu. Mshono ulionyooka, basi. Vitu vichache vya kuharibika.

MwalimuMstaafu (#30)
Au tunaona zilizopona tu. Katika zile milioni za mwaka 1913, mbovu zilishaingia kwa @MzeeWaChakavu zamani. Tunawasifu manusura.

FundiBobini (#31)
Mwalimu, hiyo hoja yako imenikaa kichwani tangu jana. Lakini nimezifungua mamia kwa mamia, chuma kile ni kingine. Sikubali bado.

BintiMikanjuni (#32)
Wakuu, mrejesho.

Nilitoa kibati. Chini ya meno kulikuwa na tabaka la vumbi la nyuzi gumu kama sponji lililokauka, rangi rangi: jekundu, buluu ya sare, jeupe la kanzu. Nililitoa kipande kizima, nimelihifadhi. Kwenye ndoano ya bobini palikuwa na uzi mweupe umejizungusha mara tatu. Nikautoa kwa kibanio. Mafuta ya taa usiku, asubuhi gurudumu likaachia. Mama alisikia mlio akatoka chumbani mbio.

Sasa tatizo jipya. Nililifungua lile gurudumu kusafisha, nikarudisha, sasa linazunguka lenyewe bure, sindano haiendi. Mkanda wa ngozi nao ulikatika mkononi kama biskuti. Kaka kaanza tena habari za laki nne.

FundiBobini (#33)
Usiogope. Ndani ya ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu kuna washa yenye vijimeno viwili ndani. Umeirudisha kinyume. Legeza skrubu ndogo, fungua nati, geuza washa nusu duara au upande wa pili, funga tena. Ile nati ndiyo inayokuruhusu kujaza bobini bila sindano kwenda. Washa ikikaa vibaya, haishiki.

Mkanda wa ngozi nenda duka la vifaa, unauzwa na kikulabu chake. Kata taratibu, ukiwa mrefu unateleza, ukiwa mfupi unakuwa mzito kukanyaga. Wengine wanafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, unasogeza siku mbili tatu.

Na kabla hujatia uzi, zoea miguu. Kwenye Singer gurudumu linakuja KWAKO. Wanaoanza hukanyaga likaenda nyuma na uzi unanasa. Shona kwanza kwenye karatasi ya daftari bila uzi, ufuate mistari.

Kampala_Kisenyi (#34)
Kwenye karatasi! Mama yangu alinifundisha hivyo hivyo kwenye magazeti. Nashukuru kukumbushwa.

MswahiliWaMuscat (#35)
Nimekaa nauwaza ule msemo wa moshi wa @KimyaKimya. Huku mtu akikuuliza Singer ya zamani mpaka leo, hujui anatafuta pambo, utapeli au kushona. Wote wanauliza kwa maneno yale yale.

KimyaKimya (#36)
Basi na mimi niongeze. Binamu yangu aliuza ya kwao kwa laki mbili na nusu, Korogwe. Mnunuzi aliondoka na kichwa tu, meza na miguu akaviacha. Mnaosema ya hoteli nielezeni: pambo gani linaachwa miguu?

NyuziZaLeicester (#37)
Hiyo imenishinda. Vile vioo vya maduka ni vichwa vitupu, hilo ni kweli. Lakini kusafirisha chuma kizito hivyo kutoka Korogwe hakulipi.

MzeeWaChakavu (#38)
Labda mnunuzi alikuwa na miguu yake nyumbani isiyo na kichwa. Mimi nimewauzia watu wa namna hiyo.

BintiMikanjuni (#39)
@FundiBobini washa ilikuwa kinyume kweli! Mungu akubariki. Imeshika.

Mkanda nimepata. Nimeshona karatasi nne, mistari miwili ya mwisho imenyooka. Kisha nikatia uzi, nikachukua doti ya kanga ambayo mama hakuwahi kuipinda. Juu mshono safi, chini vitanzi vitupu, kama kamba ya kitani. Nimekaza bobini, bado.

Halafu nimefungua droo iliyokwama kwa ajili ya mchwa. Kuna chaki, futi ya kitambaa iliyofifia, vifungo vya kanzu kwenye kopo la maziwa, na daftari la vipimo. Mwandiko wa bibi. Ukurasa mmoja kaandika kifua, mkono, urefu, na chini yake: "anadai kola imembana, si kweli, kanenepa."

Chumbageni_Damu (#40)
Bibi alikuwa hakopeshi maneno 😂

Ushungi_na_Uzi (#41)
Nimesoma hiyo ya daftari mara tatu. Lifunge kwenye nailoni, mchwa wasilifikie.

FundiBobini (#42)
Vitanzi vikiwa chini, kosa liko juu. Rudisha skrubu ya bobini ulivyoikuta. Uzi wako haujaingia katikati ya vile visahani viwili vya kukazia, umepita juu yake. Inua mguu wa kukandamizia, vuta uzi uingie ndani kabisa mpaka uukamate ule waya mwembamba wa springi, kisha shusha mguu. Na angalia sindano: uzi unaingia kutokea upande wenye mfereji mrefu, upande bapa unatazama ndoano.

KisiginoShapu (#43)
Na huyo dalali je? Amerudi?

BintiMikanjuni (#44)
Amepiga jana. Nilimwambia sasa inazunguka. Nilidhani ataongeza bei. Akasema basi, yeye alitaka ile iliyokwama, akakata simu.

Mpaka_Lungalunga (#45)
Eti nini? Rudia hapo.

KimyaKimya (#46)
SI NILISEMA.

MwalimuMstaafu (#47)
Subirini. Labda alitaka kununua kwa bei ya mbovu, aitengeneze mwenyewe. Ikishapona faida yake imeondoka.

MzeeWaChakavu (#48)
Mwalimu, kwa laki nne? Faida ipi?

BintiMikanjuni (#49)
Mtabishana, mimi narudi kwenye meza. @FundiBobini uzi ulikuwa juu ya visahani kama ulivyosema. Upande mmoja wa kanga umekamilika, juu na chini sawasawa. Pembeni inanivuta kitambaa kidogo. Hiyo nilegeze wapi?